Mkono wa Mtia Alama

Yeye hakuwahi kumwita mtu kwa jina. Mimi nilikuwa Wa Chai, kwa sababu mama yangu na mimi tuliuza chai kwenye lango la soko la mifugo. Kila dereva alikuwa Wa Lori. Kinoti, kijana Mmeru aliyekuwa na kibanda cha gemu karibu na nyumbani kwetu, alikuwa Wa Gemu. Hata dada yake mkubwa, Halima, aliyempikia na kumfulia miaka yote, alikuwa Wa Maziwa, maana aliuza maziwa ya ngamia. Kwa hiyo nami nitamwita kwa kazi yake. Alikuwa Mtia Alama.

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kuuliza. Nilipoanza kumwona nilikuwa darasa la pili, naye alikuwa tayari mtu mzima, mrefu, mwenye koti la kijani lililojaa madoa ya rangi.

Naandika habari zake kwa sababu kule Isiolo wako watu ambao mpaka leo wanasema gemu za vita zilimharibu kichwa, hata akampiga mtu kwa kopo mchana kweupe. Mimi nilikuwa hapo, nimeshika chupa ya chai. Niliona kilichotangulia kabla kopo halijainuka. Nilinyamaza majuma matatu, na kunyamaza kwangu nusura kumnyang'anye kila alichokuwa nacho.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mnyama akishapata mnunuzi, kabla hajatoka langoni hupakwa rangi mgongoni, ili mbuzi wa tajiri huyu wasichanganyike na wa yule. Nyekundu ilikuwa ya wanaopanda lori kwenda Nairobi. Kijani ilikuwa ya wachinjaji wa mjini. Buluu ilikuwa ya wale waliokosa mnunuzi, wanaorudi nyumbani na mwenyewe, wasije wakapakiwa kwa makosa. Alichovya kijiti chenye kitambaa kwenye kopo, akapiga mstari mmoja, ulionyooka, hata mbuzi awe anaruka. "Moja moja," alikuwa akisema. Aliwaambia mbuzi hivyo, na watu pia. Wakija madalali watatu kwa pamoja, kila mmoja anapiga kelele, alifumba macho na kusema, "Moja moja," na hakuyafumbua mpaka wanyamaze wawili.

Akipaka nyekundu alikuwa kimya. Akipaka buluu alikuwa akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Mama yangu alisema yeye ndiye mtu pekee sokoni anayefurahi biashara ikiharibika.

Hakusahau mnyama. Siku moja mama mmoja kutoka Biliqo alikuja akilia kwamba mbuzi wa mtoto wake, ambaye hakuwa wa kuuzwa, ameingia kwenye kundi lililouzwa. Watu walimpa pole na kumwambia atafute mwingine. Mtia Alama hakumtazama yule mama. Alitazama miguu ya meza yetu ya chai, akasema, "Sikio la kulia limekatwa mara mbili. Mguu mmoja mweupe. Nilimpaka kijani Jumatano. Mchinjaji wa karibu na posho mili, zizi la nyuma. Yeye huchinja Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mbuzi alipatikana, akala maganda ya ndizi mlangoni petu huku yule mama akitafuta mtu wa kumshukuru. Aliyestahili shukrani alikuwa ameshaondoka.

Salamu ndizo zilizomshinda. Wenyeji wa huku, Waborana hasa, husalimiana kwa kirefu. Mtu anakuuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya ndama, ya malisho, ya mvua, nawe unajibu ni nzuri, ni nzuri, hata kama ng'ombe walikufa wote jana. Yeye alisema "Salaam aleikum" mara moja, hata kwa sisi Waturkana ambao si Waislamu, na kwake salamu ilikuwa imekwisha. Mzee mmoja aliyetoka mbali alijaribu kumsalimia ipasavyo.

"Ng'ombe hawajambo?" mzee akauliza.

"Sina ng'ombe."

"Ngamia je?"

"Wako wa dada. Mmoja anaharisha."

"Na mvua?"

"Haijanyesha. Wewe mwenyewe una vumbi."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Aliomba chai, akasema ametembea siku mbili na huyo ndiye mtu wa kwanza kumpa habari.

Hakupeana mkono. Kila mtu sokoni alijua, lakini alijua jinsi unavyojua kwamba mlango fulani hufungukia nje, bila kufikiria. Mwenyekiti wa soko, mzee wa Kiborana mwenye ndevu za hina, hakumpa kopo la rangi mkononi. Alimwekea juu ya jiwe kando ya lango, akasogea hatua mbili, naye akaja kulichukua. Mimi pia chai yake niliiweka juu ya jiwe lile lile. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuta hivyo.

Miaka mingi watu walisema ana majini. Wengine walisema ni mjinga tu mwenye bahati ya kumbukumbu. Halima alimzungusha kwa masheikh na kwa waganga mpaka akachoka. Halafu, Mtia Alama akiwa na zaidi ya miaka thelathini, daktari mmoja alimwambia Halima kwamba ndugu yake si mgonjwa wa majini, ana usonji, na amekuwa nao tangu utotoni. Halima aliikunja ile karatasi ya daktari na kuiweka ndani ya Kurani. Alimweleza mama yangu kwamba ni kama mtu ambaye masikio yake hayana kifuniko na ngozi yake haina nguo. Kila kitu kinamwingia chote.

Sasa niseme juu ya gemu, maana ndizo zilizoleta kesi.

Kibanda cha Kinoti kilikuwa cha mabati, na ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa jikoni kwetu. Kulikuwa na televisheni tano. Nne zilikuwa za gemu za mpira. Ya tano, kwenye kona, ilikuwa ya gemu ya vita, askari akipita na bunduki katika mji uliobomoka, akipiga kila anayetokea. Kona hiyo ilikuwa ya Mtia Alama. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliingia, akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki chenye ufa, akavaa hedifoni, akacheza vita. Alikuwa hodari. Vijana walisimama nyuma yake kumtazama, mbali kidogo, kwa sababu Kinoti alikuwa amechora mstari wa chaki sakafuni na kusema atakayeuvuka atoke.

"Rangi, huyo msee ni sniper," walikuwa wakisema, wakisifu shabaha yake; wao walimwita Rangi. Hakuwasikia, au alijifanya hasikii.

Nilikuwa natumwa na Halima kumwita ale. Siku moja nilimkuta amemaliza mchezo, nikamuuliza, nikitazama sakafu, anapenda nini humo. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza kitu kisichokuwa cha chai.

"Wanatokea mlango wa kushoto," alisema. "Halafu dirishani. Halafu wawili kwa pamoja. Kila siku."

"Na kelele?"

Alinionyesha kitufe kwenye hedifoni. "Nazipunguza."

"Na kuwaua?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Ni picha," akasema. "Mbuzi si picha."

Alisema kweli. Mtu huyu aliyepiga risasi kutwa hakuweza kuona kuku akichinjwa. Siku ya Idd alijaza pamba masikioni asubuhi na mapema, akatembea peke yake mpaka nje ya mji, na hakurudi mpaka damu zote zimefunikwa mchanga. Nyama yenyewe aliila. Halima alimtania kwamba anadhani nyama huota dukani.

Sisemi kwamba gemu ile haikuwa na ubaya. Siku moja ya mvua, soko halikufunguliwa, alikaa kwenye kona yake tangu asubuhi bila kula wala kunywa. Jioni stima ikapotea katikati ya mchezo. Nilisikia kishindo ukutani kwetu, sufuria zikaanguka. Alikuwa amekirusha kile kishikio chenye vitufe kwenye mabati kikapasuka, naye amekaa chini, amejifunika kichwa. Kinoti hakumgusa. Alikaa mlangoni mpaka ile hali ikaisha. Ila ugomvi wa ngumi niliousikia kwenye ukuta ule, miaka yote, ulikuwa wa mpira. Vijana walirarua mashati kwa sababu ya penalti.

Siku yenyewe ya kopo, mvua ilikuwa imeharibu barabara na wanyama walichelewa kufika. Mtia Alama hakuwa na la kufanya asubuhi, kwa hiyo alipita kwa Kinoti akacheza kidogo, kisha akaja sokoni. Vijana wawili walimwona. Hilo ndilo lililosemwa baadaye na kila mtu, kwamba alitoka moja kwa moja kwenye kuua.

Kulikuwa na dalali mgeni, Guyo, kutoka upande wa Merti. Sokoni kwetu, watu wasiotaka bei yao isikike hawaitaji kwa mdomo. Wanaingiza mikono chini ya shali, wanashikana, na vidole ndivyo vinavyosema. Kidole hiki kikibanwa maana yake hivi, viwili vikibanwa maana yake vile. Unaweza kuwatazama wazee wawili wamesimama kama wanaoomba dua, kumbe wanabishana vikali. Guyo alikuwa amenunua kwa siri na hakutaka madalali wenzake wajue ni mbuzi wangapi wa kupakwa nyekundu. Alimwendea Mtia Alama, akatupa shali juu ya mkono wake, akaushika.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Niliona shali ikitikisika. Niliona uso wa Mtia Alama ukiwa mweupe kama uji. Guyo alisubiri jibu, hakupata, akabana tena, kwa nguvu, bega lake likipanda. Na hapo lori lililokuwa nyuma yao likapiga honi.

Kopo lilipanda likashuka. Guyo alianguka, na uso wake wote ulikuwa mwekundu, kifua chekundu, mchanga mwekundu. Watu walipiga kelele kwamba ameuawa. Mama yangu aliita jina la Yesu. Ilichukua muda kabla mtu hajainama na kunusa, akasema, "Hii ni rangi." Chini ya rangi kulikuwa na damu pia. Guyo alipasuka juu ya jicho, akashonwa. Sitaki kuificha damu hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya kweli. Lakini mji mzima ulikuwa umeshaona ile nyekundu nyingine.

Kikao kilifanyika siku iliyofuata kwenye baraza ya ofisi ya soko. Mama alinituma nipeleke chai. Mtia Alama hakuwepo. Baada ya mambo kama hayo maneno yalimpotea kabisa, akakaa nyumbani siku kadhaa bila kusema hata salaam aleikum, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza lolote.

Kijana mmoja alisema Rangi amezoea kuua kila siku mpaka ameshindwa kutofautisha picha na mtu. Kinoti akajibu kwamba basi yeye afungwe kwanza, maana anacheza ile gemu kuliko Rangi, na bado hajamuua hata panya wa kibandani. Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Kinoti, kesi si yako," alisema. Kisha akamgeukia Halima. "Halima, huyu ni ndugu yetu sote. Lakini achague. Ama gemu, ama rangi. Vyote viwili, hapana."

Halima alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake mdomoni. Alijua kwamba bila kazi ndugu yake angekuwa mtu wa kufungiwa ndani, kama alivyowahi kuona watu wengine wakifungiwa. "Rangi," alisema.

Mimi nilimimina chai. Guyo alikaa pale na bandeji, akanywa vikombe viwili. Nilijua na sikusema. Lile lilikuwa jambo la wanaume na shali yao. Tena niliona kwamba wazee wote wale, na Guyo mwenyewe, wanajua zaidi yangu. Na sauti yangu mbele ya watu wengi huwa haitoki. Nilirudi na chupa tupu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Kiti chenye ufa kilikaa kitupu, Kinoti hakumruhusu mtu kukikalia. Alasiri, saa ile ile, Mtia Alama alifika mpaka kwenye mstari wa kivuli cha kibanda, akasimama, akageuka, akatembea mpaka barabarani, akarudi tena, hata Magharibi ikaingia. Sokoni alianza kukosea. Alimpaka mbuzi mmoja mara mbili. Buluu aliipaka bila kuimba. Mama yangu alisema, "Walimwondolea mto wake, sasa wanamuuliza kwa nini halali."

Juma la tatu, dereva mmoja wa lori, mtu mwema aliyemhurumia, alimwendea akamwambia pole, ndugu yangu, na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Mtia Alama aliachia kopo. Safari hii hakumpiga mtu. Alichuchumaa katikati ya mbuzi, akaingiza mkono wake mwenyewe mdomoni, akaung'ata mpaka damu ikatoka.

Watu walikusanyika. Mtu alisema, "Mnaona? Na gemu ameshaachishwa." Mwingine akasema basi ugonjwa umeshaingia ndani. Mwenyekiti alikuja kwa fimbo yake, akatazama, akasema kwa huzuni kwamba leo iwe mwisho, atafutwe mtu mwingine wa rangi. Halima alikuwa ameitwa, alifika anahema, kibuyu cha maziwa bado begani.

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka tu kwamba chupa ya chai ilikuwa mkononi na ilikuwa inanichoma pajani.

"Mzee," nilisema. "Ni mkono."

"Mkono gani, binti yangu?"

"Alishikwa mkono. Sasa hivi. Na siku ile pia, chini ya shali." Nilimwona Guyo kwenye kundi la watu na nikatazama viatu vyake. "Hakuna siku amempiga mtu ambaye hakumshika."

Mtu angeweza kuniambia nirudi kwenye chai yangu, na ningerudi. Lakini Guyo ndiye aliyesema. Aligusa kovu lake.

"Nilimbana," alisema. "Hakunijibu, nikabana tena. Nilidhani ananichezea." Akawageukia wazee. "Hamkuniambia."

Mwenyekiti alitazama lile jiwe kando ya lango kana kwamba limeota usiku huo. "Kopo namwekea pale," alisema. "Miaka yote hii. Sijawahi kumpa mkononi."

"Kwa nini, Mzee?" Guyo akauliza.

"Nilizoea tu."

Halima alitua kibuyu chini. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mlango wa nyumba yao una kipande cha ubao chini, na wote waliowahi kuingia kwake wamekiona. Ndugu yake aliuvunja siku ya harusi ya jirani, ngoma zikiwa dirishani na watu wakimvuta akacheze. Wakati huo Kinoti alikuwa bado ananyonya na Isiolo hakukuwa na gemu hata moja. "Mimi mwenyewe nilisahau," alisema. "Nilitishika, nikasema ndiyo, ni gemu, kwa sababu gemu inaweza kuzimwa."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kubadilisha neno haraka. Alisema gemu ile yeye haipendi, na kwamba mtu kumpiga risasi mtu, hata kwa picha, si mchezo. Kisha akasema kwamba kutoipenda ni jambo moja na kuisingizia ni jambo jingine. Akamrudishia ndugu wa Halima kopo, juu ya jiwe, akasogea hatua mbili. Tulisubiri. Ilichukua muda mrefu hata mbuzi wengine wakaanza kulala. Mwishowe Mtia Alama alisimama, akaja, akalichukua.

Lakini siri za madalali zilibaki, na hizo hazingekwisha kwa sababu ya mtu mmoja. Guyo ndiye aliyepata njia. Soko lililofuata alikuja na kokoto ndani ya mfuko. Aliweka kokoto kadhaa juu ya lile jiwe, akazifunika kwa ncha ya shali, akaondoka. Mtia Alama alikuja, akainua ncha kwa kijiti, akachungulia, akaishusha. Akaenda kupaka nyekundu, hesabu ile ile. Madalali wengine waliona, wakacheka, na kufikia mwezi uliofuata kila mmoja alikuwa na kokoto zake mfukoni. Wapo waliosema ni bora kuliko vidole, maana kokoto haina jasho.

Kiti alirudishiwa pia, kwa masharti ya Halima: ale kwanza, na mwisho ni Magharibi. Kinoti akanunua betri, ili stima ikipotea, ile televisheni ya kona isizimike ghafla. Siku ya kwanza alipokaa tena, tuliokuwa jikoni tuliisikia ile sauti ya pua, wimbo usio na maneno, ikipita kwenye mabati. Mama aliacha kukoroga uji akasikiliza.

Hakuwa malaika baada ya hapo. Kuna siku alikuwa mbaya, alipiga ukuta, alimfukuza mteja wa Kinoti aliyekanyaga chaki. Kuna siku alinitukana kwa sababu niliweka kikombe upande wa kushoto wa jiwe. Lakini hakumgusa mtu tena, na watu nao walijifunza. Mgeni akifika sokoni, kabla hajaambiwa mahali pa kufunga mbuzi, anaambiwa, "Yule wa rangi, usimshike mkono." Wanaambiana kama wanavyoambiana palipo na shimo.

Baadaye nilihamia Kinna kwa shangazi yangu, tukalima nyanya kwenye mfereji. Nilirudi Isiolo mwaka jana kumwona mama, baada ya misimu mingi ya nyanya. Alasiri ya siku ya mwisho niliinama kwenye mlango wa Kinoti, mfuko wangu wa safari begani.

Kona ilikuwa vile vile, mstari wa chaki umechorwa upya. Lakini upande huu wa mstari palikuwa na kiti cha pili, na juu yake mtu mwenye kovu juu ya jicho, ameshika kishikio cha gemu kama anayeshika mayai. Guyo alikuwa anapigwa vibaya sana.

"Mlango wa kushoto," Mtia Alama alimwambia, bila kumtazama.

"Nimeuona."

"Umechelewa. Halafu dirishani."

Guyo alikufa. Alicheka, akaniona, akanisalimia kwa kirefu, akauliza habari ya shangazi, ya mfereji, ya nyanya, ya barabara. Nilijibu zote ni nzuri. Mtia Alama alingoja mpaka tumalize, moja moja. Ndevu zake zilikuwa zimejaa mvi.

"Salaam aleikum," alisema. "Wa Chai bado ni wa chai?"

"Sasa ni nyanya."

"Wa Nyanya," akasema, na jina likawa limeandikwa.

Nilisema gari langu linaondoka karibuni. Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia nyayo nyuma yangu, zile hatua zake ndefu zisizobadilika. Nilisimama. Naye alisimama hatua mbili kutoka kwangu. Mkononi alikuwa na kijiti chake na kopo dogo, na hakutazama uso wangu, alitazama mfuko.

"Utulie," alisema, kama anavyowaambia mbuzi.

Niliugeuza mfuko kwake, nikanyoosha mkono mbali ili asinikaribie zaidi ya anavyotaka. Alichovya, akapiga mstari mmoja, ulionyooka, na alipokuwa akipiga nilisikia ule wimbo wa pua. Ilikuwa buluu.

Nimelima misimu miwili tangu siku hiyo na mfuko umeoshwa na mvua mara nyingi. Mstari bado upo.